Majibu ya HPV yakiwa chanya, usikate tamaa

Dada zangu wa Mbeya, kuanzia Uyole mpaka Tukuyu, kipimo cha HPV, kirusi kinachoambukizwa kwa ngono na kinachoweza kuleta saratani ya mlango wa kizazi, si kile cha siki mlichozoea. Kwenye kile cha siki mhudumu anapaka siki kwenye mlango wa kizazi na kuutazama kwa macho. Hiki kinatafuta kirusi chenyewe, na sampuli unaweza hata kujichukulia mwenyewe kwa kijiti laini, faraghani. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linashauri kuanza na miaka 30, kurudia kila miaka 5 hadi 10. Mwenye VVU aanze 25, arudie kila miaka 3 hadi 5.

Chanya maana yake kirusi kipo, siyo saratani. Wala usimgombeze mume: kirusi hukaa kimya miaka mingi. Rudi kliniki uangaliwe. Ukitokwa damu baada ya tendo, nenda leo, usingoje zamu ya kupima.