Pima mvua ya uwanja wako kwa chupa, hapa Bukavu

Mei 2023 maji yalizoa vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, kule Kalehe. Watu zaidi ya 400 walikufa. Wanasayansi wa World Weather Attribution walitaka kujua kama mabadiliko ya tabianchi yalichangia mvua za siku zile. Hawakupata jibu, kwa kuwa vipimo vya mvua kandokando ya Ziwa Kivu vilikuwa vichache mno. Kwa hiyo mtu akiniuliza aanzie wapi kujifunza mambo ya tabianchi, namwambia atafute chupa.

1. Iwe ya plastiki, lita moja na nusu, ubavu umenyooka. Yenye kiuno itakudanganya. Kata sehemu ya juu, igeuze kichwa chini, ichomeke pale ulipokata, iwe faneli.

2. Tia kokoto isipeperuke. Mimina maji yafunike kokoto na kitako chote, kisha chora mstari: hapo ndipo sifuri. Bandika rula kuanzia hapo.

3. Iweke mahali wazi. Yangu ya kwanza niliiegemeza ukutani. Manyunyu ya jioni moja tu, asubuhi naikuta imefurika! Kumbe bati la jirani lilikuwa linamwagia humo. Ukuta ukiwa na mita 2, sogea mita 4.

4. Kila siku saa moja asubuhi soma, andika, rudisha maji kwenye mstari. Siku kavu andika 0, hata kiangazi chote cha Juni hadi Agosti. Hapa ndipo wengi huchoka.

Usikimbilie kutangaza kwamba tabianchi imebadilika: wataalamu hulinganisha miaka 30, kwa mfano 1991–2020. Wanachojua ni kwamba hewa ikiongezeka joto digrii 1, hubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, na mvuke huo ndio unaotushukia kwa kishindo.

5. Fanya hesabu. Milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita ya mraba. Mvua ya milimita 40 juu ya bati la mita 5 kwa 6 ni lita 1,200: bidoni 60 za lita 20, kutoka nyumba moja.

6. Peleka daftari kwa shefu wa avenue, yaani kiongozi wa mtaa. Mimi nilimwambia, "Baba, bidoni 60 mara nyumba zote za mteremko huu, na mtaro ni mmoja, tena umeziba." Akahesabu mabati kwa kidole, akanyamaza. Salongo ya Jumamosi, ile kazi ya pamoja ya usafi, ilianzia mtaroni. Mifuko ya plastiki ilijaa toroli tatu.