Somo: Kushuka Mto Mekong kwa boti ya polepole wakati wa likizo ya shule

Wakuu, habari za kazi. Oktoba ikikaribia, vijana wetu wanaofundisha kwa kujitolea kaskazini mwa Thailand huanza kuulizana: shule inafungwa wiki tatu hivi, mfukoni kuna posho tu, twende wapi? Ushauri wangu ni Mekong, kutoka Houayxay hadi Luang Prabang nchini Laos. Ni siku mbili juu ya maji, takriban kilomita 300, na kwa mwenye subira ni safari ya bei nafuu kuliko watu wanavyodhani. Mto wenyewe hauna taabu. Taabu iko kwenye makaratasi, kwa hiyo nitaanza huko na nitakaa huko kwa muda.

HATUA YA 1: KIBALI CHA KURUDI THAILAND
Wengi wenu mmeingia kwa viza ya Non-O, ile wanayopewa wanaojitolea, ya kuingia mara moja, kisha mkaongezewa muda wa kukaa. Ukivuka mpaka bila kibali cha kuingia tena, muda huo wote unakufa pale pale, hata kama muhuri unaonyesha una miezi sita mbele. Nenda ofisi ya uhamiaji ya mkoa wako ukiwa na fomu TM.8 ya kuomba kibali hicho, picha ndogo, pasipoti na nakala zake. Ada ni baht 1,000 kwa kutoka na kurudi mara moja, baht 3,800 kwa mara nyingi. Fanya hivyo kabla ya wiki ya mwisho ya muhula, maana walimu wa kigeni wote hukumbuka siku moja na foleni inakuwa balaa. Muage na mwalimu mkuu pia, kwa barua. Viza yako imesimama juu ya jina la shule au shirika, si vizuri wakutafute wasikupate.

HATUA YA 2: VIZA YA LAOS
Hapa msifuate maelezo ya wasafiri wa Ulaya. Wao hulipa dola mpakani na kupita. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda aulize kwanza ubalozi wa Laos Bangkok au konseli yao Khon Kaen, na ikiwezekana apate viza huko huko. Viza ya mtandaoni nayo haikubaliwi kila mpaka. Soma orodha ya vituo kabla ya kulipa. Beba kadi yako ya chanjo ya homa ya manjano. Sisi tunatoka nchi zilizo kwenye orodha ya ugonjwa huo, na kuulizwa ni jambo la kawaida.

HATUA YA 3: KUVUKA
Panda basi hadi Chiang Khong, mji wa Thailand ulio ng'ambo ya mto kutoka Houayxay. Zamani watu walivushwa kwa mitumbwi, lakini tangu Desemba 2013 kuna Daraja la Nne la Urafiki kati ya Thailand na Laos. Huruhusiwi kulivuka kwa miguu, kuna basi la kuvusha. Vuka mchana, lala Houayxay. Boti huondoka asubuhi na haimsubiri mtu aliyekwama kwenye dirisha la uhamiaji.

HATUA YA 4: TIKETI NA KITI
Tiketi nunua mwenyewe gatini. Wakala wa mjini anauza ile ile kwa bei ya juu. Boti ni ndefu, ya mbao, ina paa, na viti vyake vingi vimeng'olewa kwenye magari ya abiria, vile vile vya daladala. Vingine havijafungwa sakafuni. Wahi ukae kuelekea omo, yaani mbele. Tezini kuna injini na choo, na kelele ya injini kwa saa saba si mchezo. Nyuma kabisa mara nyingi inaishi familia ya nahodha, na usishangae kuona nguo zimeanikwa na sufuria jikoni. Vua viatu wenzako wakivua.

Beba maji, matunda, wali wa kunata na samaki wa kuchoma kutoka sokoni. Ndani huuza tambi za kikombe na bia, basi. Beba na koti. Asubuhi ukungu na upepo wa mtoni huuma hata huku kwenye joto.

HATUA YA 5: PAK BENG
Jioni ya kwanza boti inatia nanga Pak Beng, mji mdogo wa mlimani ulio karibu nusu ya njia. Vijana watakuja kupokea mabegi na kunadi vyumba. Bei hupungua ukipanda mlima kidogo. Kesho yake angalia namba ya boti upya, huenda ukabadilishiwa.

HATUA YA 6: KUFIKA
Kabla ya Luang Prabang utaona mdomo wa mto Nam Ou na mapango ya Pak Ou yenye maelfu ya sanamu za Buddha. Boti inashushia kilomita kama 10 nje ya mji, halafu unapanda tuktuk ya kuchangia. Mji uko kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 1995. Alfajiri watawa hupita kupokea chakula. Tazama kwa mbali, usiwapige picha usoni kwa mwanga wa kamera.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, nimeona kuna boti za kasi zinazofika siku hiyo hiyo. Kwa nini nipoteze siku mbili?
Jibu: Zipo. Unakaa umekunja magoti na helmeti kichwani, kwenye mto wenye miamba na magogo. Ajali zimetokea. Kutangulia si kufika, ndugu yangu.

Swali: Sijui kuogelea kabisa. Niende?
Jibu: Nenda na boti ya polepole, lakini ukipanda tu uliza jaketi za kuokolea ziko wapi, maana mara nyingine zimefukiwa chini ya mizigo. Oktoba maji bado mengi na yanakimbia, usijitie kuchezea ukingoni.

Swali: Mimi Oktoba nina kambi ya wanafunzi. Machi je?
Jibu: Machi na Aprili mashamba na misitu huchomwa kote kule. Moshi unafunika milima na maji ya mto yamepungua sana, mawe yako nje. Mwenye pumu asijaribu.

Swali: Kaka, mimi ni Mwislamu, nitakula nini?
Jibu: Dada, nguruwe ni mwingi na hujificha hata kwenye supu. Shikilia samaki wa kuchoma, mayai, wali wa kunata na matunda. Jifunze kusema huli nguruwe kwa Kithai, Walao wengi wa maeneo hayo wanakielewa.

Swali: Kurudi lazima nipande boti tena?
Jibu: Hapana, na kupanda mto ni polepole zaidi. Tangu Desemba 2021 kuna treni ya Wachina. Luang Prabang hadi Vientiane ni kama saa mbili. Hapo unavuka Daraja la Kwanza la Urafiki hadi Nong Khai, upande wa Thailand, na kupanda treni ya usiku ya Bangkok. Wakati wa sikukuu tiketi za Laos huisha mapema.

Swali: Nimesoma somo nikiwa tayari Luang Prabang. Kibali cha kurudi sikuchukua. Nifanyeje?
Jibu: Pole sana. Usiende mpakani kubahatisha. Piga simu shuleni leo wakuandalie barua mpya, kisha omba viza upya kwa ubalozi wa Thailand ulioko Vientiane; tangu Januari 2025 maombi hufanywa mtandaoni. Hesabu siku za viza yako ya Laos zisikuishie ukisubiri majibu.