Jinsi ya kuchagua na kutoa skini zinazotengenezwa na wachezaji bila kuwakimbiza wanaozitengeneza

Gemu nyingi za mtandaoni siku hizi zinapokea dizaini za skini (mwonekano mpya wa mhusika au silaha), kofia, mabawa na mapambo mengine kutoka kwa wachezaji wenyewe. Mwanzo huwa shangwe tupu, alafu baada ya muda unakuta wadizaini wakali washahama, waliobaki wanatuma upanga uleule umepakwa dhahabu, na uongozi wa gemu unalalamika eti jamii imepoa. Jamii haijapoa bana. Mtu amekesha wiki nzima anachonga modeli (umbo la kitu kwenye kompyuta), katuma, hajajibiwa, mwezi umepita, kitu kibovu kuliko chake kimeingia dukani na hakuna aliyemwambia kwanini. Kukataliwa watu wanavumilia, kinachowaondoa ni kimya. Kwaiyo karibu kila nachoandika hapa kinarudi kwenye hilo, na nawaandikia hasa nyie mnaoendesha gemu, iwe studio kubwa au watu watatu wenye seva moja.

Anza kwa kuandika unachotaka

Hapa wengi wanaandika "tutumie kazi zenye ubunifu", ambayo haina maana yoyote. Angalia Valve, kampuni ya gemu, walichofanya kwa gemu yao ya Dota 2, walitoa mwongozo wa wazi kabisa wa uchoraji wa wahusika: shujaa atambulike kwa umbo lake tu hata ukimjaza rangi nyeusi mwili mzima, rangi ziwe nzito miguuni na zing'ae kadri unavyopanda kichwani, michoro midogomidogo ikusanyike pale jicho linapotakiwa kutua na sehemu zingine ziachwe zipumue. Sio urembo tu huo. Kamera ya gemu ile iko juu, mchezaji anaona kitu kidogo kinamkimbilia na inabidi ajue hapohapo ni nani, sasa ukimvalisha shujaa mwembamba koti la shujaa mnene umeharibu mchezo wenyewe.

We wa gemu ya kufyatuliana risasi utaandika mengine: skini isimfiche mtu ukutani, isiongeze mwanga unaomziba anayekulenga, isifanye bunduki moja ionekane kama nyingine. Andika pia usichokubali kabisa, nembo za kampuni, sura za watu halisi, matusi, bendera, chochote mlichoamua, na msimamo wenu kuhusu picha zilizotengenezwa na AI, maana hili msipoliandika mapema mtakuja kuligombania kwenye komenti.

Alafu kitu ambacho sijui kwanini kinasahaulika hivi: waambie watu mnapungukiwa nini. "Kofia tumejaa, glavu hatuna, mhusika fulani hajapata kitu kipya tangu mwaka jana." Sentensi moja kama hiyo inaokoa mamia ya masaa ya watu.

Na wape vifaa. Modeli ya msingi, mifupa yake (inayoifanya isogee), templeti za tekscha (picha inayofunika modeli), idadi ya juu ya poligoni (vipande vidogo vinavyounda umbo la modeli), na namna ya kujaribu kitu ndani ya gemu kwenye taa za gemu. Asiyeweza kujaribu anabahatisha, na kubahatisha kwake ndo kazi yenu ya kesho.

Ukaguzi wa kiufundi uje kabla ya kura

Niliwahi kuona mahali wamefanya kinyume, watu wakapiga kura wiki mbili, mshindi akatangazwa, alafu mafundi wakasema haiingii, poligoni zimezidi mno na vazi linapenya mgongoni mhusika akiinama. Mshindi akaonekana kadhulumiwa na hakuna maelezo yaliyosaidia.

Weka kikaguzi cha kompyuta palepale pa kuapload. Poligoni, ukubwa wa tekscha, majina ya mafaili, mifupa kama imeunganishwa, basi. Kijibu dakika hiyohiyo, na kiseme nini kimekosekana, sio "hitilafu imetokea". Kinachofuata ni mtu mmoja kuangalia kwa macho kama kitu kinafuata mwongozo, dakika mbili tatu kwa kila kazi, hazidi.

Picha za kuonyeshea kura nazo zina mambo yake. Wadizaini wengine ni wakali wa mabango, wanachora mandhari ya moshi na radi, kitu chenyewe kimejificha kwenye kona, na kura zinamiminika kwa ajili ya bango. Lazimisha picha ya kwanza itoke kwenye kamera ya gemu, umbali wa kawaida wa kuchezea, na uipige wewe kwa mashine ili kila mtu apate pembe na taa ileile. Bango aliweke la pili akitaka.

Kura

Hapa nitakaa kidogo maana ndo panapoharibika.

Mwaka 2006 Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts walichapisha kwenye jarida la Science jaribio la muziki. Watu zaidi ya 14,000 waliwekewa nyimbo 48 za bendi zisizojulikana, wengine wakaachwa wachague bila kuona kitu, wengine wakawekwa kwenye makundi ambayo kila mmoja anaona wenzake wa kundi wamepakua nini. Wanapoona idadi, nyimbo zinazopendwa zilipaa zaidi na zisizopendwa zikadidimia zaidi, na kibaya zaidi washindi hawakuwa walewale kundi hadi kundi. Zile nzuri sana mara chache zilianguka, mbovu sana mara chache zilishinda, ila zote za katikati ilikuwa bahati ya nani kawahi. Sasa fikiria ukurasa wenu wenye "maarufu wiki hii" juu kabisa na idadi ya kura pembeni. Mnachopima pale ni nani aliapload mapema.

Kwaiyo ficha idadi mpaka kura zifungwe. Mpe mpiga kura foleni, kitu kimoja kimoja, kwa mpangilio wa kuchanganya, aulizwe swali moja tu: ungependa hiki kiwepo ndani ya gemu, ndio au hapana. Steam Workshop, sehemu ya Valve ya kutuma kazi za wachezaji, iliyoanza Oktoba 2011 na gemu yao ya Team Fortress 2, ilizoesha watu swali la namna hii na linafanya kazi vizuri kuliko nyota tano, maana nyota nne za mtu mmoja ni nyota mbili za mwingine. Na foleni ianze na vitu vilivyoonwa na watu wachache, ili kila kazi ipate macho yanayokaribiana.

Mkija kuhesabu msipange kwa asilimia tupu. Kitu chenye ndio 9 kati ya kura 10 kina asilimia 90, na chenye ndio 400 kati ya 500 kina asilimia 80, lakini yule wa kwanza inawezekana kapigiwa na washkaji zake tu. Kuna hesabu ya zamani ya takwimu ya Edwin Wilson ya mwaka 1927, inakupa makadirio ya chini ya kile watu wanapenda kweli ukizingatia kura ni ngapi. Ukiipiga kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95, yule wa 9 kati ya 10 anashuka mpaka kama 60, wa 400 kati ya 500 anabaki kama 76. Fomula ipo kila mahali mtandaoni, mtu wenu wa programu anaimaliza kabla ya chakula cha mchana.

Kuhusu wanaoomba kura kwa mashabiki wao, mi sina shida nao, mtu kajijengea jina lake aache kulitumia kwanini. Ila zitenganishe: kura zilizokuja kwa linki ya moja kwa moja ziweke pembeni, za kwenye foleni ndo zipange. Zile za linki zinakuonyesha nani ana watu nyuma yake, ambayo ni taarifa nzuri ya kibiashara, ila hazikuambii kama mchezaji wa kawaida anakitaka kile kitu. Akaunti za jana zisizo na masaa ya kucheza zisihesabiwe kabisa, na kanuni hiyo iandikwe wazi, asije mtu akadhani kura zimefutwa kwa chuki.

Pia gawa mafungu. Mhusika anayechezwa na wachache hatashinda kura ya wote hata siku moja, kwaiyo mshindanishe na wenzake, glavu kwa glavu, mhusika kwa mhusika.

Na waambie mapema kura ina uzito gani. Kama kura inatoa orodha ya 20 na timu inachagua 5, sema hivyo siku ya kwanza. Mtu akishajua kuwa timu ndo inaamua hatalia wizi wa kura, atalia ladha yenu mbaya, na hilo mnaweza kuishi nalo.

Hakimiliki, kabla hujauza

Counter-Strike: Global Offensive, gemu ya Valve ya kufyatuliana risasi, ilikuwa na skini ya bunduki inayoitwa M4A4 Howl. Mwaka 2014 ikaja kujulikana mchoro wake umechukuliwa kwa msanii mwingine, Valve wakabadilisha mchoro, wakaitoa kwenye kesi (sanduku la bahati la skini ndani ya gemu) isipatikane tena, wakaipa daraja la peke yake la magendo, na waliotuma wakafungiwa. Zilizokuwa mikononi mwa watu zikabaki, na kwa vile haziongezeki bei ikapaa. Yaani kitu cha wizi kikageuka hazina, kwa sababu ukishauza huwezi tena kurudi nyuma bila kuwaumiza walionunua kwa nia njema.

Dawa ni kukagua orodha fupi kabla haijafika dukani. Omba mafaili ya kazi yenye leya zake na picha za hatua za mwanzo, anayeiba mara nyingi hana michoro ya katikati. Omba orodha ya kila kitu alichonunua au kuazima, brashi, tekscha, fonti, na leseni zake. Tafuta picha kinyumenyume kwenye intaneti. Alafu iweke orodha fupi hadharani wiki mbili na kitufe cha kulalamika, wachezaji wana macho kuliko timu yoyote ya sheria. Wakiwa wametengeneza wawili au watatu, mgao wao waukubali kila mmoja kwa akaunti yake siku ya kuapload, msiwe mahakimu wa ugomvi wa marafiki.

Majibu

Kila kazi iwe na hali inayoonekana na mwenyewe: imepokelewa, imepita ukaguzi, iko kwenye kura, iko mezani, imechaguliwa, irekebishwe, imekataliwa. Kila hali na siku za mwisho. Sababu za kukataa ziwe chache na za kuchagua, kama saba hivi, "haisomeki kwa mbali", "tunacho kinachofanana", "haiendani na mhusika", na waliofika orodha fupi waandikiwe sentensi moja au mbili na binadamu. Hiyo "irekebishwe" itumieni sana, inaleta vitu vizuri kuliko kupokea wapya kila siku.

Na kama hamjafika kwenye kazi ya mtu mpaka siku zimeisha, mfumo uifunge wenyewe na useme hivyohivyo, hatukuifikia, unaruhusiwa kuituma tena. Inauma kidogo ila ni ya kweli, na mtu anaweza kuipeleka kwingine badala ya kusubiri.

Kutoa

Gemu ya Rust wanabadilisha skini dukani kila wiki, gemu ya Warframe na TennoGen yao, mpango wao wa kazi za wachezaji, tangu 2015 wanakwenda kwa raundi. Timu ndogo ifuate raundi, kila wiki inawezekana tu kama una watu ambao hawafanyi kitu kingine. Msitoe 30 kwa mpigo, zinauana. Jaribuni kila kitu kikivaliwa pamoja na vitu vingine maarufu, kwenye simu au kompyuta dhaifu, na kwa macho ya mtu asiyeona tofauti ya nyekundu na kijani. Mdizaini apewe toleo la kujaribia kabla, maana akikuta tekscha yake imebanwa mpaka imekuwa uji siku ya kutoka hatasahau. Jina lake lionekane kwenye kitu chenyewe dukani, sio kwenye ukurasa wa shukrani ambao hakuna anayeufungua.

Hela

Team Fortress 2 ilipoanza kuuza vitu vya wachezaji mwaka 2010, waliotengeneza walipata asilimia 25, na wale watano wa kwanza kila mmoja alipata kati ya dola 39,000 na 47,000 kwa wiki mbili za mwanzo. Kufikia Januari 2015 Valve walisema wameshalipa zaidi ya dola milioni 57 kwa watu zaidi ya 1,500, kwa gemu zao tatu. Njia nyingine ni malipo ya mkupuo: shindano lao la Dreams & Nightmares la 2021 liliahidi washindi 10 dola 100,000 kila mmoja, wakaishia kuchagua 17 na wote wakalipwa kiasi hichohicho.

Asilimia inamfaa mdizaini kitu kikiuza miaka, ila inataka ripoti za mauzo anazoweza kuziona mwenyewe, na inavurugika mkianza kutia kitu kwenye vifurushi vya punguzo ambavyo hakuna anayejua vinagawanywaje. Mkupuo ni rahisi kuelewa na timu ndogo inaumudu, mradi muandike kinachotokea kitu kikiuza kuliko mlivyotegemea. Vyovyote mtakavyochagua, namba, tarehe ya kulipa, kiwango cha chini cha kutolea hela na nani anabaki na haki za mchoro viwe kwenye ukurasa wa kutuma kazi, kabla ya kitufe cha kuapload.

Kama mnaanza leo, fungueni fungu moja tu, tuseme kofia, raundi moja ya wiki sita, nafasi tatu za ushindi. Mkiweza kumjibu kila aliyetuma ndani ya hizo wiki sita, ongezeni glavu raundi inayofuata. Mkishindwa, punguzeni idadi ya kazi mtu mmoja anayoruhusiwa kutuma kabla hamjafungua tena.