Pipa la bluu la Seattle: nani analilipia, na kwa nini mzigo hukataliwa

Ukihamia nyumba ya kawaida Seattle utakuta mapipa matatu: la taka, la mabaki ya chakula na majani, na la bluu la kurejeleza, yaani la vitu vinavyoweza kutumika tena viwandani. Kwenye bili, mawili ya kwanza yana bei. La kurejeleza halina, na wengi hudhani ni la bure. Gharama yake imo ndani ya bei ya pipa la taka. Ukishalijua hilo, unaweza kupunguza bili yako kwa simu moja.

Malori si ya jiji. Huduma inasimamiwa na idara ya jiji, Seattle Public Utilities, ambayo ndiyo inayotuma bili na kupokea malalamiko. Bei hupitishwa na baraza la jiji. Kazi ya kubeba imepewa kampuni mbili, Waste Management na Recology, zilizogawana mitaa kwa mikataba iliyoanza Aprili 2019. Kuchambua kunafanywa na mkandarasi mwingine chini ya mkataba wake. Kwa hiyo lori likikuruka, usihangaike na jina lililoandikwa ubavuni mwake. Piga simu idarani, 206-684-3000, na ukipokelewa sema "Swahili" ili utafutiwe mkalimani. Fedha za kazi yote hii zinatoka hasa kwenye bili za wateja na si kwenye kodi ya majengo. Tena sehemu ya bili hiyo hurudi jijini kama kodi.

Sasa tuje kwenye bei. Tangu 1981 Seattle hutoza kwa ukubwa wa pipa la taka, na ukusanyaji wa vitu vya kurejelezwa majumbani ulianza 1988. Mapipa ya taka yapo ya galoni 12, 20, 32, 64 na 96, yaani kuanzia lita 45 hivi mpaka 360. Kila ukipanda saizi, unalipa zaidi kila mwezi. Pipa la bluu, hata liwe la galoni 96, haliongezi senti. Maana yake, kila boksi na kila kopo unalolitoa kwenye taka na kulitia kwenye bluu linakusogeza karibu na pipa dogo.

Fanya hivi. Kwa wiki nne mfululizo, usiku wa kuamkia siku ya lori, fungua pipa la taka uangalie limejaa kiasi gani. Likiwa halivuki nusu mara zote, omba saizi ya chini yake. Likivuka nusu hata mara moja, liache kwanza. Usishuke kupita kiasi: kifuniko kisipofunga, au ukiweka mfuko pembeni, unatozwa taka za ziada, na familia inayopokea wageni kila wikiendi inaweza kuishia kulipa zaidi ya ilivyokuwa. Maboksi ya ziada ya kurejeleza hayatozwi. Yakunje yawe bapa, uyaweke kando ya pipa la bluu.

Ukiwa mpangaji, bili huenda inamfikia mwenye nyumba, naye anaigawa kwa wapangaji. Soma mkataba wa pango uone kama taka zimo ndani ya kodi. Kwenye majengo yenye nyumba tatu au zaidi, sheria ya jiji inamtaka anayegawa bili aonyeshe alivyopiga hesabu, kwa hiyo ukitajiwa kiasi kisichoeleweka, dai maelezo kwa maandishi. Na kama kipato cha nyumba hakizidi asilimia 70 ya kipato cha kati cha jimbo la Washington, omba Utility Discount Program, mpango wa jiji wa kupunguza bili. Inapunguza nusu ya gharama za maji na taka. Mpangaji asiyepokea bili ya taka kwa jina lake anaweza kupewa nafuu hiyo kupitia bili ya umeme. Watu wetu wengi wanastahili na hawajaomba, na hilo linauma, kwa sababu ni haki yao.

Mzigo wa pipa la bluu huharibiwa zaidi na mifuko ya nailoni. Kwenye kiwanda cha kuchambua, vitu hupita juu ya safu za visahani vinavyozunguka: maboksi yanaelea juu, vidogo vinadondoka chini. Mfuko wa nailoni unajisokota kwenye mhimili kama uzi kwenye cherehani, mmoja juu ya mwingine, mpaka mashine izimwe na mafundi waingie na visu kuukata. Ndiyo maana tangu Januari 2020 mifuko haipokelewi kabisa. Usifunge vitu vya kurejeleza ndani ya mfuko. Vimwage vikiwa wazi.

Baada ya mifuko, adui ni uchafu. Chupa ya mafuta ya kupikia imiminwe hadi tone la mwisho; kopo la maharage lisuuzwe. Karatasi iliyoloa mchuzi haifai tena, na huchafua zilizo jirani. Boksi la piza lililolowa mafuta, maganda ya ndizi, mifupa ya samaki, vyote ni vya pipa la chakula. Vifuniko vya chupa viache vimefungwa kwenye chupa, kwa sababu kikiwa peke yake kinapenya kwenye mashine na kupotea. Mwaka 2018 China, iliyokuwa mnunuzi mkubwa wa vitu hivi, ilianza kukataa mzigo wenye uchafu unaozidi asilimia 0.5, na tangu hapo mzigo mchafu umekosa wanunuzi. Mapato ya mauzo hupunguza gharama za huduma, kwa hiyo uchafu unaturudia kwenye bili.

Mapipa yawe nje kabla ya saa moja asubuhi. Pipa la bluu huchukuliwa kila baada ya wiki mbili, mengine kila wiki.

Mliozoea kuuza chupa za plastiki kwa kilo Dar au Nairobi, Washington haina malipo ya chupa. Jimbo jirani la Oregon linalipa senti 10, lakini kwa chupa zilizouzwa Oregon tu. Kupeleka za huku ili ulipwe kule ni kosa. Na anayeishi Kent, Tukwila au SeaTac asifuate mwongozo huu kwa bei wala saizi: kila mji una mkataba wake, hata kama lori linafanana na la Seattle.