Bukavu: kuzalia hospitali ya serikali au ya binafsi?
Usianze na usafi wa ukuta. Uliza: saa nane usiku nani anapasua, nani anatia usingizi, damu iko wapi, jenereta ina mafuta? Kliniki ya binafsi ikijibu «tutamwita daktari», hesabu na muda wake barabarani. Mama anayevuja damu baada ya kuzaa anaweza kufa ndani ya saa chache. Oksitosini, dawa ya kuzuia damu hiyo, ikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Ikipata joto inapoteza nguvu, sindano inakuwa bure. Kwa serikali, chungulia idadi ya vitanda na wakunga wa zamu. Bei iandikwe: kuzaa kawaida, kupasuliwa, kitanda, dawa. Umewahi kupasuliwa, una mapacha au presha? Hospitali ya rufaa tu, iwe ya serikali au ya binafsi.