Somo: Kupanda mtopetope mwitu kwa ajili ya vipepeo wa maweni

Vichaka vya maweni vya Unguja, yaani vya ardhi ya mawe ya matumbawe, kuanzia Pete na Kitogani hadi Charawe na Ukongoroni, vimekatwa kwa muda mrefu kwa ajili ya kuni, makaa na matanuu ya chokaa, na kichaka kinapofyekwa huondoka na mmea ambao kiwavi hana badala yake. Wengi wanaotaka kuwanusuru vipepeo hupanda maua. Maua humlisha kipepeo mzima, lakini kiwavi hula majani, tena majani ya mimea maalumu. Somo hili linahusu vipepeo wa jenasi ya Graphium, ambao baadhi yao wana mikia mirefu iliyochongoka kama upanga. Hao hutaga kwenye mimea ya jamii ya mtopetope, ukiwemo mtopetope mwitu, ambao wengine huuita mchekwa.

Hatua ya kwanza ni mbegu. Chukua matunda yaliyoiva hadi kuwa ya rangi ya chungwa, osha mbegu, ziloweke usiku mmoja, kisha zitie kwenye viriba vyenye mboji, mahali penye kivuli. Huchelewa kuota, kwa hiyo usivimwage viriba mapema.

Hatua ya pili ni kupanda, na wakati wake ni masika. Usihangaike kuvunja jiwe. Tafuta vishimo ambamo udongo na majani makavu yamejikusanya, kwa kuwa mizizi itapenya yenyewe kwenye nyufa. Panda miche kadhaa karibu karibu, ili kiwavi akimaliza majani ya mmoja ahamie wa jirani. Kama eneo ni msitu wa jamii, zungumza kwanza na sheha na kamati ya uhifadhi.

Hatua ya tatu ni kuangalia, na hapa ndipo kazi nyingi hupotea. Jike hutaga yai moja moja kwenye majani machanga ya nchani, kwa hiyo pogoa baadhi ya matawi kabla ya mvua, wala si yote, ili machipukizi mapya yapatikane. Ukimgusa kiwavi, hutokeza nyuma ya kichwa pembe mbili laini zenye harufu kali. Hazina madhara kwako. Pupa, yaani umbo la kiwavi anapojigeuza kuwa kipepeo, hufanana mno na jani, na ndiyo maana palizi ya haraka huwafyeka wengi bila mtu kujua. Adui mkubwa ni maji ya moto, wale chungu wakali wanaojenga viota vya majani mitini. Usiwapulizie dawa, kwa sababu dawa hiyo hiyo itamuua kiwavi. Panda mche mwingine ambao matawi yake hayagusani na mti wenye kiota chao. Mche uliotobolewa majani usiung'oe, kwani hicho ndicho ulichopandiwa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Kitogani: Mwalimu, hawa ndio wanaomaliza mindimu yetu?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Kiwavi wa mndimu, ambaye akiwa mdogo hufanana na kinyesi cha ndege, ni wa Papilio demodocus, na chakula chake ni jamii ya milimau na michungwa.

Mwanachama wa Bwejuu: Mistafeli yangu itasalimika?

Jibu: Mstafeli ni wa jamii moja na mtopetope, kwa hiyo huenda machipukizi machache yakaliwa. Mti mkubwa huhimili. Ukimkuta kiwavi kwenye mche mdogo, kata kijitawi alichokalia na ukifunge kwenye mtopetope mwitu.

Mwanachama wa Pete: Bibi yangu anauliza kama pupa zinauzika.

Jibu: Mfikishie salamu zangu. Zinauzika. Huko Gede, nchini Kenya, mradi wa Kipepeo umekuwa ukinunua pupa kwa wanavijiji wa kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke tangu 1993, na hapo hapo kijijini kwenu kipo kituo cha vipepeo kinachoshirikiana na wafugaji wa vipepeo. Ila pupa za kuuza zitoke kwa viwavi mliowalea wenyewe ndani ya chandarua, zisiokotwe vichakani, na katika kila kizazi waacheni baadhi ya vipepeo waruke warudi maweni.