Namna ya Kupanga Mahali Salama pa Kulala: Mwongozo kwa Madereva wa Malori, Dar es Salaam hadi Tunduma

Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma ina urefu wa takriban kilomita 930, na ndiyo inayopitisha mafuta, salfa, mbolea na makontena ya Zambia na Kongo, kisha ikarudisha shaba bandarini. Ukipita humo saa nne usiku utayakuta malori yamepangana pembeni mwa lami Chalinze, Mikumi, Ruaha Mbuyuni, Mafinga na Makambako, mengine yakiwa yameacha sehemu ya tela barabarani kwa sababu bega la barabara ni jembamba. Wapo wanaosema kwamba madereva ni wakaidi. Mimi nasema hawana pa kwenda: maegesho yenye uzio, taa, maji na choo ni machache mno kuliko malori yanayoyahitaji, na hayo machache hujaa mapema.

Mwongozo huu unalenga kumwepusha dereva na hali ya kuchagua, usiku akiwa amechoka, kati ya kuendesha huku anasinzia na kulala mahali ambapo ataamka akute tenki limenyonywa. Ili kuikwepa hali hiyo, mahali pa kulala pangwe kabla gari halijatoka, pamoja na mafuta na nyaraka za mzigo, na anayepanga asiwe dereva peke yake bali na ofisi iliyompa safari.

Anza kwa kuhesabu saa

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuianza tena, pamoja na saa moja ya kupumzika akishafanya kazi saa 5 mfululizo. Mkataba namba 153 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1979, ambao uliandikwa mahsusi kwa ajili ya usafiri wa barabarani, unataka dereva apumzike baada ya kuendesha saa 4 bila kukatiza, asizidishe saa 9 za kuendesha kwa siku, na apate angalau saa 10 mfululizo za mapumziko katika kila saa 24. Chukua saa 9 hizo kuwa kikomo chako, kisha uzigeuze kuwa kilomita kwa ukweli.

Lori lililojaa, hasa lile linalokaribia tani 56 ambazo ndizo uzito wa juu unaoruhusiwa katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, halipati wastani wa kilomita 80 kwa saa hata kidogo. Kuna vijiji vya mwendo wa 50, kuna milima, na kuna mizani za Vigwaza, Mikese, Wenda na Makambako, ambako foleni yake peke yake inaweza kula saa nzima. Wastani wa kilomita 40 kwa saa ndio wa kupangia, kwa hiyo siku moja ni kama kilomita 350. Ofisi inayomtaka dereva avuke kilomita 600 kwa siku inamwagiza asilale, hata kama haijalitamka neno hilo.

Usingizi haushindwi kwa ujasiri. Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo huendesha kama mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu, na mwili wenyewe huzimika zaidi kati ya saa nane usiku na saa kumi na moja alfajiri, kisha tena baada ya chakula cha mchana. Kufungua dirisha, kuongeza muziki au kutafuna mirungi, ambayo pia ni haramu Tanzania, hakurudishi umakini uliopotea. Dakika 20 za usingizi mahali salama zinasaidia, na kahawa ikinywewa kabla ya kulala dakika hizo huanza kufanya kazi wakati unapoamka. Hata hivyo, hiyo ni dawa ya saa moja au mbili tu ya kukufikisha kwenye maegesho yaliyo mbele.

Igawe njia katika vipande vya kulala

Mfano mmoja wa safari ya kwenda ni huu. Toka Dar es Salaam alfajiri ili uipite Kibaha kabla magari hayajajaa, pumzika Chalinze au Morogoro, na ulale mji wa Mikumi, kilomita 310 hivi kutoka Dar es Salaam. Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba barabara hupita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa karibu kilomita 50, ambako wanyama huvuka usiku na si mahali pa kusimamisha gari ulale. Ukiona jioni imekukuta Doma, upande wa Morogoro, tafuta nafasi hapohapo, na mbuga uivuke asubuhi.

Siku ya pili ina Kitonga. Mlima huo baada ya Ruaha Mbuyuni una kona kali na barabara finyu, na lori moja likikwama katikati yake njia inaweza kufungwa kwa saa nyingi. Usiupangie mwisho wa siku. Panda mlima huo asubuhi, ukiwa na maji na chakula kabini, kisha uendelee kwa utulivu kupitia Ilula na Iringa hadi Mafinga. Siku ya tatu utapita Makambako, Igawa, Chimala na Mbeya, na miteremko ya Mbeya, hasa ule wa kuelekea Mbalizi, haifai kushukwa na mtu aliyechoka wala na breki ambazo zimeshapata joto. Lala Mlowo au Vwawa, na Tunduma uingie mchana.

Kwa kila usiku andika sehemu mbili: ile unayoitaka, na nyingine iliyo kilomita 30 au 40 kabla yake. Sehemu ya akiba iwe kabla, isiwe baada, kwa sababu ukikosa nafasi huku saa zako zimekwisha hutakuwa na haki ya kusonga mbele. Piga simu mchana kwa mwenye yadi uulize kama nafasi ipo.

Ikague yadi kabla ya kulipa

Shuka, mwache utingo kwenye gari, uitembelee yadi kwa miguu. Angalia kama uzio unazunguka pande zote, kwa kuwa yadi nyingi zina ukuta mzuri mbele na michongoma iliyopasuka nyuma. Angalia taa zinamulika wapi: taa moja kali getini huyaacha malori ya nyuma gizani kabisa. Muulize mlinzi kama anaandika namba za magari yanayoingia na kutoka, uombe kuliona daftari lenyewe, kisha udai risiti yenye namba ya gari na saa ya kuingia, kwa maana bila risiti hutaweza kuthibitisha kwamba ulilala hapo. Msimu wa mvua kanyaga ardhi kwa kisigino. Udongo wa mfinyanzi ulio mkavu jioni unaweza kulimeza lori lililojaa kabla ya asubuhi.

Usiache kuuliza choo na maji ya kuoga. Yadi isiyo na choo humlazimisha dereva kutoka nje ya uzio usiku, na hapo ulinzi alioulipia unakuwa haumlindi tena. Kwa madereva wanawake, ambao wapo na wanaongezeka, choo chenye komeo na mwanga ni sharti la kwanza.

Malori ya mafuta yana sharti lake. Moto wa lori la mafuta pale Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, uliua watu zaidi ya 100 waliokusanyika baada ya gari kupinduka. Usiegeshe tenki la mafuta jirani na mama lishe anayekaanga chipsi, wala karibu na fundi anayechomelea, hata kama nafasi iliyobaki ni hiyo moja.

Namna ya kuliweka gari

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo wengi wanapofanya haraka kwa sababu ya uchovu. Ingiza gari kinyumenyume ili kichwa kitazame njia ya kutokea. Milango ya kontena isogezwe ukutani, au ielekezwe kwenye milango ya lori jingine mgongo kwa mgongo, ikibaki nafasi isiyotosha mlango kufunguka. Upande wenye tenki la dizeli uwe wa ukuta au wa mlinzi, na kama gari lina matenki mawili basi lile lililojaa zaidi ndilo lifichwe. Kifuniko cha tenki kiwe na kufuli, na ndani ya shingo ya tenki uwepo wavu wa chuma unaozuia mpira wa kunyonyea. Wavu huo haumzuii mwizi anayefungua mrija wa chini, kwa hiyo asubuhi pitisha mkono chini ya tenki kabla ya kuwasha injini.

Kisha zunguka gari zima na simu mkononi. Piga picha ya sili, yaani kifungo chenye namba kinachofunga milango ya kontena, namba zake zikisomeka, picha ya turubai na kamba zake, picha ya tairi la akiba na kasha la betri, na picha ya geji ya mafuta. Piga tena picha hizohizo kabla ya kuondoka asubuhi. Zoezi hili ni la dakika chache, na ndilo litakalokutetea siku ofisi itakapokukata mshahara kwa lita zilizopotea au siku sili itakapoonekana imeguswa. Ukikuta sili imekatwa usiiguse wala usiondoke: toa taarifa polisi upewe namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako katika kitabu cha kituo, mjulishe mwajiri pamoja na TRA kama ni mzigo wa kwenda nje, na mlinzi wa yadi aandike jina lake.

Usiseme umebeba nini. Watu wanaouliza kwa upole kama ni shaba au ni sukari, wakakununulia soda, si lazima wawe wezi, lakini kinywaji kilichofunguliwa na mtu usiyemjua usikinywe. Mahali mnapolala msipatangaze katika makundi ya WhatsApp kabla hamjaondoka.

Kulala ndani ya kabini

Kuanzia Juni hadi Agosti Mafinga na Makambako huwa na baridi kali, na ndipo ninapowasihi madereva kwa moyo wote: jiko la mkaa lisiingizwe kabini, hata kwa dakika chache, hata dirisha likiwa wazi kidogo. Moshi wake una hewa ya sumu isiyonuka, ambayo humlaza mtu asiamke. Kuacha injini ikinguruma usiku kucha ili kupata joto kuna hatari hiyohiyo pale bomba la moshi linapovuja. Blanketi mbili nzito na soksi za sufu ni gharama ndogo ambayo mwenye gari anapaswa kuilipa.

Ukiwa na utingo, mpeane zamu za kulala, lakini zamu ya dereva iwe saa saba zisizokatizwa.

Ukikosa kabisa pa kulala

Itatokea, kwa sababu ya ubovu wa gari au kwa sababu kila mahali pamejaa. Ukiwa bado na saa za kuendesha, tafuta kituo cha mafuta kinachofanya kazi usiku kucha uombe kwa heshima kulala pembeni, ukitanguliza kununua mafuta ya kesho hapohapo. Kituo cha polisi cha barabarani ni chaguo jingine, na ombi litolewe kwa mkuu wa zamu. Lori likiharibika barabarani, lisogeze nje ya lami kadiri linavyokubali, washa taa za tahadhari, na uweke pembetatu za kuakisi mwanga umbali wa kutosha mbele na nyuma, zikitangulia kona kama ipo kona. Matawi ya miti yanayowekwa badala ya pembetatu hayaonekani usiku, na mawe yanayosahaulika barabarani huua bodaboda. Baada ya hapo usilale ndani ya lori lililosimama pembeni mwa lami, wala chini yake, kwa sababu anayekuja nyuma huenda naye anasinzia.

Foleni ya Tunduma ni jambo la pekee. Kituo cha pamoja cha mpakani cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa Oktoba 2019, lakini bado hutokea malori yakajipanga kurudi nyuma kwa kilomita kadhaa, na dereva akawa hapumziki wala haendeshi kwa kuwa anasogea mita chache kila baada ya muda. Hesabu muda wa foleni kuwa ni kazi. Nyaraka zikiwa hazijakamilika, bakia Vwawa hadi wakala wa forodha athibitishe, badala ya kwenda kulala foleni.

Kwa wenye magari, na kwa wanaoomba maegesho yajengwe

Fedha ya maegesho iandikwe peke yake katika posho ya safari, irudishwe kwa risiti, na isichanganywe na chakula. Dereva aliyepewa kiasi kimoja kwa vyote atalala barabarani ili watoto wake wale, na hilo si kosa lake. Ofisi isimpigie simu kati ya saa tatu usiku na saa kumi na moja alfajiri kumuuliza amefika wapi, kwa kuwa kifaa cha kufuatilia gari kimeshajibu.

Madereva na vyama vyao wanaotaka eneo lijengwe waandike kumbukumbu kwa mwezi mzima: tarehe, kijiji, idadi ya malori yaliyolala pembeni mwa lami, na namba za RB za wizi uliotokea. Barua iende kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa meneja wa mkoa wa TANROADS, yaani Wakala wa Barabara, na kwa RTO, yaani mkuu wa polisi wa usalama barabarani wa mkoa. Eneo linalopendekezwa liwe nje ya hifadhi ya barabara, ambayo ni mita 30 kila upande kutoka katikati, na barua ieleze wazi mambo manne: lango pana la semi-trela kukata kona, ardhi iliyoshindiliwa, choo na maji, na ada ambayo madereva wenyewe wamekubaliana kwamba wanaweza kuilipa kila usiku.